Matunzo ya pampu ya mkono

Matunzo ya pampu ya mkono ni kazi za kawaida zinazofanywa ili pampu inayovuta maji ya kisima kwa nguvu za mtu iendelee kufanya kazi. Kazi hizo ni pamoja na usafi, kukaza nati, kupima kiasi cha maji yanayotoka na kubadilisha mipira na bushi kabla hazijalika kabisa. Pampu nyingi hazisimami kwa sababu ya kuvunjika kwa chuma kikubwa, bali kwa kipande kidogo cha mpira ambacho hakikubadilishwa kwa wakati.

Maji ya ardhini katika Tabora

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Tabora iko juu ya miamba ya kale ya matale. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki mito mingi hukauka. Wanyamwezi walizoea kuchimba visima vifupi kandokando ya mbuga, ambako maji hukaa karibu na uso wa ardhi.

Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilitegemea visima na madimbwi ya namna hiyo. Nyika iliyo kati ya Ugogo na Tura iliitwa Mgunda Mkali, na uhaba wa maji uliwalazimu wapagazi kuivuka kwa haraka.

Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Viktoria yamefikishwa kwa bomba katika miji ya Nzega, Igunga na Tabora. Hata hivyo vijiji vingi vilivyo mbali na bomba hilo bado hutegemea visima. Pampu ikiharibika wakati wa kiangazi, wanawake na watoto hurudi kwenye visima vya wazi, ambavyo huweza kuleta magonjwa ya kuhara.

Aina za pampu

* Nira AF-85: asili yake ni Finland. Haina mpini wa wenzo. Mtumiaji huvuta na kusukuma fimbo moja kwa moja. Inafaa visima vya kina cha hadi mita 15 hivi.
* Afridev: ilibuniwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980. Hufaa kina cha hadi mita 45 hivi. Bomba lake ni la plastiki, na pistoni pamoja na vali ya chini huweza kutolewa bila kung'oa bomba lote.
* India Mark II: ilibuniwa Uhindi katika miaka ya 1970. Kwa kawaida hutumia mabomba ya chuma, hivyo kuitoa kisimani kunahitaji watu kadhaa na vifaa vya kunyanyulia.

Ratiba ya matunzo

Kila siku: kufagia sakafu ya zege, kuzibua mfereji wa maji yanayomwagika na kuzuia mifugo isifike kisimani. Watoto wasiruhusiwe kuning'inia kwenye mpini. Mpini uvutwe mwendo wake wote bila kuugonga kwenye kichwa cha pampu.

Kila mwezi: kukaza nati na bolti zote, na kutazama kama zege lina ufa. Mnyororo wa India Mark II hupakwa grisi. Bushi za Afridev ni za plastiki na hazipakwi grisi.

Kila mwaka: kufungua pampu, kubadilisha mipira ya pistoni na ya vali ya chini, kukagua bushi na kuangalia kama fimbo zimelika kwenye maungio. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi kabla kiangazi hakijakolea, wakati bado kuna maji mengine ya kutumia.

Kutambua hitilafu

Pampu huachwa bila kutumika kwa nusu saa, kisha huvutwa tena. Yakihitajika mapigo zaidi ya 5 kabla maji hayajatoka, vali ya chini au bomba linavuja.

Jaribio la pili ni kuvuta mapigo 40 kwa dakika moja na kupima maji kwa ndoo. Kiasi hicho hulinganishwa na kilichoandikwa siku pampu ilipofungwa. Kikipungua, mara nyingi mpira wa pistoni umelika. Kama maji hutoka vizuri asubuhi na kukatika baadaye mchana, huenda tatizo si pampu bali maji ya kisima kushuka.

Mpini unaocheza huashiria bushi zilizokwisha. Mpini uliolegea ghafla bila uzito wowote huashiria fimbo iliyokatika au kuachia. Maji yenye rangi ya kutu hutokea pale mabomba ya chuma yanapoliwa na maji yenye asidi.

Baada ya matengenezo

Vipande vinavyorudishwa kisimani huoshwa na kuwekwa juu ya turubai safi, si chini. Kisha kisima hutiwa dawa ya klorini, na maji huvutwa na kumwagwa mpaka harufu ya dawa iishe.

Gharama na usimamizi

Sera ya maji ya mwaka 1991 ilianza kuwashirikisha wanavijiji katika gharama za maji, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisisitiza wajibu wao wa kuendesha na kutunza visima. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), unaosimamia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Matunzo hufanikiwa pale kijiji kinapokuwa na mambo manne: fundi aliyefunzwa, spana zinazofaa, akiba ya mipira na bushi, na mfuko wa fedha unaochangiwa kabla pampu haijaharibika. Michango inayoanza kukusanywa baada ya pampu kusimama huchelewa, na wakati huo watu tayari wanachota maji kwingine. Daftari la matengenezo, lenye tarehe, kipande kilichobadilishwa na fedha zilizotumika, humsaidia fundi anayefuata na kuwawezesha wanakijiji kujua michango yao imetumikaje.