Draiva si dereva

Kwenye saiba za Mau Narok, hasa msimu wa kuomba nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, utasikia: "Hii mashine haina draiva." Draiva na dereva yametokana na neno moja la Kiingereza, lakini sarufi imeyatenganisha. Dereva wa matatu ya Njoro amekataa kuondoka. Draiva ya kadi ya picha imekataa kuingia. Mmoja ni mtu, nyingine ni kitu.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ipasavyo. Ikikosekana, maandishi huvimba kwenye skrini, na kadi hujitambulisha kama "Microsoft Basic Display Adapter" tu. Kwa kompyuta kuukuu, draiva mpya kabisa si dawa. NVIDIA, kwa mfano, iliacha mwaka 2021 kutoa draiva mpya za kawaida kwa kadi za Kepler zilizoingia sokoni 2012. Mwenye kadi hiyo atafute toleo la mwisho linaloitambua, alipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, aondoe la zamani, ndipo aweke hilo.

Wapo wanaopendekeza "kiendeshi". Limeundwa vizuri, ila tayari tunalo katika kiendeshi cha diski, na mteja atadhani diski imekufa. Nashauri tushike draiva, wingi draiva, na walimu wa kompyuta walifundishe hivyo. Mwanafunzi anayejua kilichoharibika ni programu hatauziwa kadi asiyoihitaji.