Proaritimia: dawa ya mdundo inapovuruga mdundo

Mwezi Aprili 1989, utafiti mkubwa wa dawa za moyo uliokuwa ukiendelea Marekani ulikatizwa njiani. Utafiti huo, unaojulikana kwa kifupi chake CAST, uliwahusu watu walionusurika shambulio la moyo, kisha mioyo yao ikawa inatoa mapigo ya ziada, yale yanayoingia kabla ya zamu yake. Madaktari walikuwa na hoja nyepesi isiyo na kasoro ya wazi. Watu wenye mapigo hayo hufa ghafla kuliko wengine, kwa hiyo mapigo yakizimwa, vifo vitapungua. Dawa mbili, flekainaidi na enkainaidi, ziliyazima vizuri. Tena wagonjwa walichujwa kwanza, wakachukuliwa wale ambao vipimo vilionyesha kwamba dawa inawakubali. Hesabu kamili ilipochapishwa mwaka 1991 ilisomeka hivi: kati ya watu 755 waliomeza dawa walikufa 63, kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake walikufa 26.

Dawa zilifanya zilichotakiwa kufanya, na zikaua.

Jambo hili wataalamu wa moyo wana jina lake: proaritimia. Limejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini. Kiini chake ni neno la mdundo. Ukilitanguliza na kikanushi unapata aritimia, yaani mdundo uliopoteza mpangilio, uwe wa kasi mno, wa polepole mno au wa ovyo. Kipande cha mwanzo, "pro", kinamaanisha kuwa upande wa kitu, kukiunga mkono. Basi proaritimia ni pale dawa iliyopewa mgonjwa ili itulize mdundo inapohamia upande wa pili, ikachochea mvurugo mpya au kuukoleza ule wa zamani.

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya moyo unaokwenda kombo. Moyo huenda mbio, hudunda, hupapa, hupiga paa. Hata aina moja ya aritimia inayotisha, ile ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, imepata jina zuri, mpapatiko wa atria, lililochotwa humo humo. Ugumu unaanza kwenye upande wa dawa. Katika zahanati za Tanzania mgonjwa huambiwa kuhusu "maudhi madogo madogo", msemo uliozoeleka hasa katika kliniki za uzazi wa mpango, ambako unabeba kichefuchefu, kuumwa kichwa na hedhi iliyobadilika. Ni msemo mpole wenye lengo jema: mtu asitupe dawa kwa sababu ya karaha ya wiki mbili. Lakini haufai hapa. Kuzimia barabarani si maudhi, wala si madogo. "Madhara ya pembeni" nao unapotosha, kwa kuwa unampa msomaji picha ya dawa inayofanya kazi yake katikati huku ikimwaga uchafu kandoni. Proaritimia haitoki kandoni. Nguvu ile ile ya dawa inayotuliza umeme wa moyo ndiyo inayouvuruga.

Ili kuona hilo inabidi kurudi kwenye kwinini.

Mwaka 1912 daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, alitembelewa na mfanyabiashara ambaye mapigo ya moyo wake yalikuwa yakivurugika mara kwa mara. Daktari alimweleza kwamba hana tiba ya uhakika. Mgonjwa akamjibu kwamba yeye anayo, na kwamba kesho yake atarudi na mapigo yaliyonyooka. Akarudi hivyo kweli: alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter Frey wa Berlin akapima kemikali za magome ya msinkona moja baada ya nyingine, akakuta iliyo kali zaidi kwa moyo ni ndugu wa kwinini, kwinidini. Kwa miongo mingi kwinidini ikawa dawa kuu ya mdundo.

Afrika Mashariki mti huo si mgeni. Wajerumani waliufanyia majaribio Amani, katika milima ya Usambara, kwenye taasisi waliyoianzisha mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, walitengeneza kwinini yao wenyewe kwa magome yaliyokuwa humo humo kolonini. Bukavu, upande wa Kongo, kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikikamua kwinini kutoka mashamba ya Kivu. Wazee wengi bado wanakumbuka ukali wake mdomoni na masikio yaliyolia baada ya kuimeza. Wachache waliambiwa kwamba ukoo huo wa dawa unafika moyoni.

Kwinidini haikuchukua muda kuonyesha upande wake wa pili. Baadhi ya watumiaji walikuwa wakizimia ghafla na kuzinduka, na wengine hawakuzinduka. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Selzer na Wray, waliwanasa wagonjwa wa namna hiyo kwenye mashine ya kuchora umeme wa moyo. Walichokiona ni kwamba wakati wa kuzimia vyumba vya chini vya moyo vilikuwa vikienda kasi ya kupindukia, bila kusukuma damu ya kutosha kufika kichwani. Miaka miwili baadaye, Paris, François Dessertenne alichapisha mchoro wa mama wa miaka 80 ambaye mistari yake ilikuwa ikipanda na kushuka huku ikijizungusha, kama ukambaa unaosokotwa kuzunguka uzi. Jina alilolitoa kwa Kifaransa linakubali kuingia Kiswahili bila shida: msokoto wa ncha. Mgonjwa wa Dessertenne alikuwa na moyo unaopiga polepole, wala si kwinidini iliyomfikisha pale. Hata hivyo jina lake ndilo linalotumika hadi leo kwa mvurugo unaoletwa na dawa za aina hiyo.

Chanzo chake kinaeleweka. Baada ya kila pigo, chembe za moyo hujichaji upya kwa kutoa potasiamu nje kupitia vijilango vyembamba. Kwinidini, sotaloli na jamaa zao huviziba kwa kiasi, ili moyo uchelewe kidogo kuwa tayari kwa pigo jingine. Kuchelewa huko ndiko kunakozima mapigo ya ovyo. Kukizidi, baadhi ya chembe zinatangulia na nyingine zinabaki nyuma, na katika pengo hilo msokoto unaanza. Daktari hupima ucheleweshaji huo katika mchoro wa ECG, kuanzia herufi Q hadi T. Ukipita milisekunde 500 baada ya kurekebishwa kwa kasi ya moyo, anaanza kuhangaika. Na mgonjwa ambaye potasiamu au magnesi yake imeshuka, kwa kuharisha au kwa dawa za kukojosha kama Lasix, amekwisha kukaribia ukingo kabla hajameza kitu. Msokoto ukitokea, sindano ya kwanza huwa magnesi, ile ile inayofahamika wodi za wazazi kwa kifafa cha mimba.

Amiodaroni, inayotumika zaidi kwa mioyo iliyochoka, ina tabia tofauti. Mizizi yake iko Misri, katika mmea uitwao khella uliotumiwa kwa muda mrefu na watu wa huko. Kemikali yake iliwapa watafiti wa Ubelgiji mwanzo wa kuitengeneza dawa hii mwaka 1961. Inarefusha kipimo cha Q hadi T lakini mara chache sana huleta msokoto. Badala yake inalipisha kwingine kote. Asilimia 37 ya uzito wake ni madini joto, na kidonge kimoja cha miligramu 200 huuachia mwili takriban miligramu 6, karibu mara 40 ya mahitaji ya siku. Tezi ya shingo inaweza kulala au kupandwa na kichaa. Mapafu yanaweza kukakamaa, ini kuumia, ngozi kugeuka rangi ya majivu juani. Hapa ndipo "madhara ya pembeni" inapokuwa tafsiri sahihi, maana tezi na pafu hazikuwa shabaha ya dawa. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa tezi na ini kila baada ya miezi kama sita. Na akiiacha leo haijatoka: kwa wastani huchukua siku 58 kupungua nusu mwilini, wengine 15, wengine 142.

Digoksini ni mkongwe kuliko zote. Mwingereza William Withering alieleza mmea wake katika kitabu cha mwaka 1785, akaorodhesha bila kuficha kutapika, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika, na vitu kuonekana vya njano au kijani. Karne mbili hazijabadilisha orodha hiyo. Bado inaandikwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa vijana ambao homa ya baridi yabisi iliwaharibia vali za moyo, mara nyingi pamoja na Lasix ile ile inayopoteza potasiamu. Kiasi kinachotibu na kinachosumisha vinapakana, na mgonjwa akiongezewa amiodaroni juu yake, dozi ya digoksini kwa kawaida hukatwa nusu.

Kwa msomaji wa pwani au bara, njia panda iliyo karibu zaidi ni duka la dawa. Homa inapopanda, mtu hununua dawa mseto ya malaria bila kutaja vidonge vya moyo alivyoviacha nyumbani. Karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa mseto inawaonya wenye kipimo kirefu cha Q hadi T na wanaotumia baadhi ya dawa za mdundo. Azithromaisini, erithromaisini na flukonazoli ziko kwenye orodha hiyo hiyo ya kutazamwa. Hofu nayo ina hatari yake: anayeacha ghafla atenololi au propranololi kwa kusikia habari hizi anaweza kuamsha mapigo ya kasi au maumivu ya kifua ambayo dawa ilikuwa imeyashikilia.

Proaritimia iendelee kuwa neno la madaktari na wanafunzi wao. Lina adabu ya kisayansi na linatamkika. Kwa karatasi ya mgonjwa inahitajika kauli ndefu kidogo, "mvurugo wa mdundo unaochochewa na dawa", maana "mvurugo wa dawa" peke yake unasomeka kama vidonge vilivyochanganywa kabatini. Na juu ya kauli hiyo ziandikwe dalili anazoweza kuzieleza hata jirani aliyeshuhudia: alianguka ghafla bila kujikwaa, akazinduka mwenyewe, na wiki ile alikuwa ameanza kidonge kipya au alikuwa akiharisha. Maneno hayo ndiyo mhudumu anayejaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa atakayoyahitaji.