Nambari 27

Daftari lenyewe ni la kurasa 48, lile la karatasi za mraba tulilofanyia hesabu shuleni, na nyuma lina jedwali la kuzidisha. Mende wamekula pembe moja ya jalada. Shangazi alinipa Desemba iliyopita nilipokwenda Garsen. Akaniambia, "Wewe si ndiye unayeandika-andika mambo ya zamani? Haya, kaa nalo." Ukurasa wa kwanza una herufi kubwa za wino wa buluu: HARAMBEE YA KUMPELEKA MTOTO WETU SEKONDARI, JANUARI 1998. Mtoto wetu ni shangazi.

Chini yake kuna majina 43. La kwanza ni la mwalimu mkuu, shilingi 200. Nambari 6 ni mama aliyekuwa akiuza kambare sokoni, shilingi 20. Nambari 11 hakuwa na pesa, ameandikiwa "kuku 1". Nambari 14, "ndizi mkungu 1". Nambari 19 ni mzee wa Kiorma aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake kando ya shamba letu kwenda mtoni. Yeye ameandikiwa "beberu 1". Na nambari 27 ni jina la msichana, shilingi 5. Huyo nitamrudia.

Kwanza uelewe ule ulikuwa mwaka gani. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997 na hazikujua kunyamaza. Mto Tana ukapanda ukaingia mashambani. Mpunga ukazama, migomba ikalala. Maembe yalikuwa yameiva, lakini malori ya wanunuzi hayangeweza kufika kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo yalioza chini ya miti, na mpaka leo nikisikia harufu ya embe lililoiva kupita kiasi nakumbuka ile Januari. Nilikuwa na miaka saba. Katikati ya mambo hayo matokeo ya KCPE yakaja: shangazi alikuwa amepata alama 461 kati ya 700, na barua ya kuitwa shule ya bweni ikafika kwa mkono wa mtu aliyevuka kwa mtumbwi. Barua ilitaka karo ya muhula wa kwanza, sanduku la bati, godoro, blanketi mbili, ndoo na kufuli. Babu aliisomewa mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto wa kulalia. Hakusema kitu siku nzima.

Aliyesema ni mwalimu mkuu. Akaita wazee, ikaundwa kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Wakaandika kadi kwa mkono, wakazisambaza mpaka Garsen mjini, kwa wenye maduka na makondakta wa mabasi ya Lamu. Siku yenyewe ilifanyika chini ya mwembe wa shule, mahali pasipofikiwa na maji. Kila aliyetoa alitajwa kwa sauti, jina na kiasi, na watu wakapiga makofi. Kwa shilingi 200 makofi yalikuwa marefu, kwa 20 yakawa mafupi, lakini hakuna aliyekosa.

Kisha ukaja mnada. Kama hujawahi kuona mnada wa harambee, hebu nikueleze, maana ndio ulioleta pesa nyingi. Yule beberu wa nambari 19 alinunuliwa na mwenye duka mmoja kwa 600. Mwenye duka akasema, "Namrudisha, auzwe tena." Akauzwa kwa 450, akarudishwa. Akauzwa mara ya tatu kwa 300, na huyo wa tatu ndiye aliyekwenda naye nyumbani. Mbuzi mmoja akazaa shilingi 1,350 bila kuzaa mtoto hata mmoja! Jumla iliyoandikwa mwishoni mwa daftari ni 9,415. Ahadi zimeandikwa ukurasa wa peke yake, na nyingi hazina alama ya kulipwa. Hilo nalo ni la kawaida. Ahadi za harambee ni kama samaki aliyeponyoka: kila akisimuliwa anaongezeka ukubwa.

Sasa, sisi tuliosoma historia ya shule tunaambiwa harambee ilianza tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Jomo Kenyatta alipoifanya kuwa mwito wa taifa. Neno limekaa mpaka leo kwenye ngao ya taifa. Lakini neno ni la kazi, la watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, na kuchangia elimu kulikuwa na umri mkubwa kuliko bendera. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu waliochoshwa na masharti ya wamishonari walijijengea shule huru zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikaanzishwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, kwa michango ya marika. Septemba 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege kwenda Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, nauli ilichangwa huko na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Huku nyumbani familia ziliuza ng'ombe na kuandaa karamu za chai ili mtoto asifike ugenini mikono mitupu.

Kwetu Tana mwaka huohuo ulikuwa na habari nyingine. Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, juu kidogo ya mto kutoka Garsen. Kwa serikali ya mkoloni, Tana ilikuwa mahali pa kuwaficha watu, si pa kuwasomesha. Wamishonari walikuwa wamefika Golbanti na Ngao tangu miaka ya 1880, wakafundisha kusoma, lakini sekondari ilikuwa mbali. Hata nchi nzima, uhuru ulipokuja, sekondari zilikuwa 151 tu.

Kitu kimoja kinanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Tuni ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitoka kwenye wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto, na aliyeufikisha kwa serikali ni Meza Galana, mtu wa Tana. Kwa hiyo 1963 sisi tulitoa tuni, nchi nzima ikasimama wima kuiimba. Wao wakatupa neno harambee, tukaambiwa tujitegemee.

Na watu walijitegemea kweli. Wazazi kote nchini walifyatua matofali, wakajenga madarasa, na kufikia miaka ya 1970 sekondari za harambee zilikuwa zimezidi za serikali kwa idadi. Lakini angalia zilijengwa wapi zaidi: kwenye kahawa na chai, kwenye watu wenye ndugu mjini. Mahali ambapo mto unaweza kufagia mavuno ya mwaka mzima kwa usiku mmoja, au kiangazi kikaua ng'ombe wote, unachanga nini? Kujitegemea kunamwongezea aliye na cha kuanzia.

Kisha wanasiasa wakauona mnada. Enzi za Moi harambee ikawa jukwaa. Mheshimiwa anafika na bahasha, inatangazwa "kwa niaba yake na marafiki zake", na hakuna anayeuliza marafiki ni akina nani. Kule vijijini chifu akaja na kitabu cha risiti, na mchango wa hiari ukawa kodi isiyo na jina. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ikawawekea mipaka maafisa katika kuchangisha pesa, wakapumzika kidogo, wakarudi. Wengi wenu mnaosoma hapa mnakumbuka Juni 2024, mlikuwa barabarani. Moja ya mambo yaliyowachoma watu ni zile bunda za noti zilizokuwa zikimwagwa makanisani Jumapili huku ushuru ukipanda. Julai ile Rais Ruto akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Nilishangilia kama kila mtu. Usiku nikafikiria shangazi na lile beberu.

Maana ilinibidi nijiulize: ninachokichukia ni harambee, au ni wale walioiteka?

Zamani jibu lilikuwa rahisi kwangu. Daftari ndilo lililoniharibia jibu hilo.

Nilimpigia shangazi simu nikiwa na ukurasa mbele yangu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mpaka nikafika. "Shangazi, nambari 27 ni nani? Mtoto alipata wapi shilingi tano?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Huyo tulikuwa dawati moja. Yeye alipata 478."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Zaidi yako?"

"Zaidi yangu. Na yeye aliitwa shule."

Kamati ilikaa, ikahesabu, ikaona kijiji kilichozama maji hakiwezi kubeba watoto wawili. Babu alikuwa mzee wa kanisa na alijulikana mpaka Garsen. Kadi zake zingerudi na pesa. Nambari 27 alikuwa na mama mjane, na shamba lao lilikuwa la kwanza kuzama. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema, "Mwakani tutamfikiria." Mwakani haikufika. Akaolewa. Lakini siku ile ya harambee alikuja chini ya mwembe na shilingi zake tano, zikatangazwa, akapigiwa makofi mafupi, akaketi.

Shangazi ni mwalimu sasa. Aliniambia neno moja ambalo sijaweza kuliweka chini: "Mimi nilisomeshwa na watu 43. Wa 42 nimewashukuru. Yule mmoja sijui nitamwambia nini."

Hili ndilo kumbukumbu za harambee haziandiki. Daftari lina waliotoa, kiasi na jumla. Halina ukurasa wa mtoto ambaye kamati haikuitishwa kwa ajili yake. Kijiji hakina kosa, kilibeba kilichoweza. Kosa ni kufanya elimu ya mtoto itegemee kama babu yake anajulikana.

Mambo yamebadilika kidogo. Tangu 2008 serikali hulipia masomo katika sekondari, mwanzoni shilingi 10,265 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kuanzia 2018 22,244. Basari zipo, ukiwa na anayekujua ofisini. Lakini bweni, sare na godoro bado ni vya mzazi, na Tana bado inafurika. Mwaka 2012 tulizamisha wenyewe kilichobaki: Agosti na Septemba zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta, Wapokomo na Waorma wakichomeana vijiji. Familia ya nambari 19 ilihama. Miaka mingi hakuna aliyesubutu kupitisha orodha moja kwa pande zote mbili.

Januari hii, watoto wa kwanza wakiingia Gredi ya 10, shangazi aliniingiza kwenye grupu la WhatsApp bila kuniuliza. Picha ya barua ya shule, namba ya M-Pesa ya mweka hazina, na orodha inayonakiliwa na kuongezwa: 1, 2, 3. Mvulana ni mjukuu wa mzee wa beberu. Mtu mmoja akaandika, "Huyu ni wa kwetu?" Grupu likanyamaza, unajua ule unyamavu wa tiki mbili za buluu. Nikapiga picha ule ukurasa wa 1998, nikautuma bila maneno. Baada ya dakika chache nambari 8 ikaongezwa, kisha 9. Wawili walitoka kwenye grupu. Sikuwafuata.

Nami nikatuma changu, nikajiandika nambari 12. Kisha nikamwandikia shangazi pembeni, faraghani: darasa la huyo mvulana, ni nani mwingine aliyeitwa shule na hana grupu?

Akajibu baada ya saa nzima. Yalikuwa majina manne.