Bonde la Deba: Elimu Iliyohama na Elimu Iliyobaki

Atakayeuliza Wabaski wa kaskazini mwa Hispania walipataje viwanda na maabara walizo nazo leo, wengi watampeleka Bilbao akaone makumbusho ya Guggenheim yaliyofunguliwa mwaka 1997. Mimi ningempeleka kwanza Azkoitia, mji mdogo wa mkoa wa Gipuzkoa, kwa sababu habari hii ilianzia barazani.

Katikati ya karne ya 18, makabaila wa mji huo walikuwa wakikutana jioni kuzungumza. Mazungumzo yao yalikuwa na ratiba: Jumatatu hesabu, Jumanne fizikia, Jumatano historia, Ijumaa jiografia, na muziki ulikuwa na siku zake. Mwenyeji wao alikuwa Xavier María de Munibe, mwinyi wa Peñaflorida, mtu aliyesomeshwa na Wajesuiti huko Toulouse na aliyependa muziki kiasi cha kutunga opera. Mwaka 1764 baraza likageuka chama rasmi, Jumuiya ya Kibaski ya Marafiki wa Nchi. Nembo yake ilikuwa mikono 3 iliyoshikana, kwa ajili ya mikoa 3: Bizkaia, Gipuzkoa na Araba. Walitaka kuinua kilimo, ufuaji chuma, biashara na elimu. Chama cha namna hiyo hakikuwapo kwingine Hispania, na baadaye miji mingi ya ufalme ikaiga.

Kutoka Azkoitia njia inapanda mlima hadi Elosua, kisha inateremka Bergara, ndani ya bonde la mto Deba. Hapo palikuwa na shule ya Wajesuiti. Mfalme Carlos III alipowafukuza mapadri hao mwaka 1767, majengo yakabaki, na Jumuiya ikayapata na kufungua Seminari yake mwaka 1776. Wizara ya Jeshi la Majini ikakubali kulipia walimu wa kemia na wa madini. Wakubwa wa Madrid hawakuwa wakiota nuru ya elimu, walitaka mizinga. Mizinga ya Waingereza ilikuwa bora kuliko yao, nao walitaka siri ya kuitengeneza.

Ndivyo mji wa mlimani ulivyopata walimu ambao hata miji mikuu ingewatamani. Louis Proust, Mfaransa ambaye jina lake lingekuja kufungamana na kanuni ya uwiano usiobadilika katika kemia, alifundisha hapo mwanzoni kabisa. Akafuata Fausto Elhuyar kwenye madini. Kaka yake, Juan José, yeye alitumwa Ulaya ya kati na kaskazini akiwa mwanafunzi kwa nje na mpelelezi kwa ndani. Alipitia chuo cha madini cha Freiberg, na mwaka 1782 akafika Uppsala, Uswidi, akasoma kwa mwanakemia Torbern Bergman na kuonana na mwanakemia mwenzake, Carl Wilhelm Scheele. Siri ya mizinga hakuileta. Alirudi na jambo jingine: Scheele alikuwa ameshatoa asidi ngeni kutoka kwenye jiwe zito, na ilidhaniwa kwamba ndani ya asidi hiyo imejificha metali isiyojulikana.

Mwaka 1783 ndugu hao wawili wakachukua jiwe la volframiti lililotoka kwenye migodi ya bati ya Zinnwald, wakapata asidi ile ile, wakaichanganya na unga wa mkaa, wakafunika chungu na kukitia moto mkali. Walichokipata ni tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu kuliko metali nyingine yoyote. Ndiyo iliyokuja kuwasha balbu za dunia nzima, na mawe yake leo huchimbwa hata Rwanda na mashariki mwa Kongo. Haikutolewa Paris wala London, ila kwenye shule ya mkoa, na taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Jumuiya.

Bergara ikafaidi nini? Sifa, na si zaidi. Taji liliwataka ndugu hao kwenye fedha ya Amerika. Juan José alipelekwa Granada Mpya, Kolombia ya leo, akafia huko mwaka 1796. Fausto alikwenda Mexico, na chuo cha madini alichokifungua mwaka 1792 ni katika mambo makubwa ya sayansi ya bara hilo. Munibe alifariki mwaka 1785. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yaliingia Gipuzkoa, na Seminari ikafungwa. Wahunzi wa bondeni waliendelea kufua chuma kwa vinu vya maji kama babu zao. Maabara ilikuwa imekaa miongoni mwao miaka 16 hivi bila ya mlango wa kuingilia karakanani.

Tuache bonde kidogo, twende magharibi hadi Bilbao. Vilima vya Somorrostro na Triano vilijulikana kwa chuma tangu zamani, na sheria za kale za Bizkaia zilikataza kuuza mawe hayo ughaibuni yakiwa ghafi. Kufikia miaka ya 1860 katazo hilo lilikuwa limeondolewa, wakati mbaya au mzuri, kutegemea nani anasimulia. Mwaka 1856 Henry Bessemer alikuwa ametangaza namna yake ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi, na tanuru lake halikuvumilia fosforasi. Mawe ya Bizkaia yalikuwa karibu hayana fosforasi, na yalikuwa jirani na bahari. Mwaka 1873 ikaundwa kampuni ya Orconera kwa ubia wa makampuni ya chuma: Dowlais na Consett za Uingereza, Krupp ya Ujerumani, na familia ya Ybarra ya Bilbao. Meli zikapakia mawe kwenda na makaa ya mawe kurudi.

Sehemu kubwa ya mlima iliondoka hivyo. Wachimbaji walilala kwenye mabanda ya kampuni na kulazimishwa kununua chakula kwenye maduka yaliyofungamana na mgodi, mpaka mgomo wa mwaka 1890 ulipolitikisa jambo hilo. Hata hivyo si haki kusema Bilbao haikubakiza kitu. Faida ilijenga matanuru, benki na makampuni ya meli. Daraja lililobuniwa na Alberto de Palacio likavuka mto wa Bilbao mwaka 1893. Shule ya wahandisi ikaanzishwa mwaka 1897. Lakini ni shule iliyokuja nyuma ya utajiri, na utajiri wenyewe uliegemea jiwe lenye kikomo.

Turudi bondeni. Eibar ni mji wa mafundi bunduki, na mwaka 1913 mafundi hao walijipatia shule yao ya ufundi wa silaha. Shule hiyo naithamini kuliko majumba mengi ya fahari. Vita Kuu vilipokwisha na maagizo ya bastola kupungua, mikono iliyojua kukereza bomba la bunduki iliweza kukereza kitu kingine: ushirika wa Alfa, ulioanzishwa mwaka 1920, ukahamia cherehani, na mafundi bunduki wa kampuni ya Orbea wakahamia baiskeli. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Krupp, wale wale wa Orconera, walianza kuuza meno ya kukatia chuma yaliyotengenezwa kwa tungsteni na kaboni. Metali ya Bergara ikawa inauzwa na Wajerumani, tena ikitafutwa na kila karakana ya kukereza vyuma.

Kituo cha mwisho ni Arrasate, ambao Wahispania huuita Mondragón, kilomita chache tu juu ya Bergara. Mwaka 1941 alifika padri kijana mwenye jicho moja, José María Arizmendiarrieta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, dikteta Franco ameshika nchi, Kibaski kimefukuzwa madarasani. Kiwanda kikubwa cha makufuli cha mji kilikuwa na shule ya wanagenzi, lakini nafasi zake zilikuwa chache. Padri akaomba wakazi wachange wenyewe. Masanduku yakawekwa mitaani, watu wakatia karatasi za ahadi. Mwaka 1943 shule ya ufundi ikafunguliwa. Ilianza na tupa, msumeno na jiliwa.

Baadhi ya vijana wake walipanda hadi shahada ya uhandisi kwa utaratibu maalumu na Chuo Kikuu cha Zaragoza, wakisoma huku wanafanya kazi. Mwaka 1956 watano kati yao walianzisha kiwanda, Ulgor, jina lililounganishwa kwa herufi za majina yao. Bidhaa ya kwanza ilikuwa majiko ya mafuta ya taa. Mwaka 1959 ikafuata benki ya ushirika. Mwaka 1974, walipoona kwamba kununua leseni za wageni hakutawafikisha mbali, wakaanzisha kituo cha utafiti, Ikerlan. Mpangilio huo ndio unaonishika: shule, kisha kiwanda, kisha benki, na utafiti mwishoni, ukidaiwa na watu wa karakana wenyewe. Kule Bergara utafiti ulitangulia, tena kwa fedha za jeshi.

Miaka ya 1980 viwanda vya chuma na meli vilipoporomoka, zaidi ya mfanyakazi 1 kati ya 5 alikosa kazi. Serikali mpya ya Kibaski, iliyokuwa imerudishiwa haki ya kukusanya kodi zake, ilimwaga fedha kwenye vituo vya namna ya Ikerlan. Tekniker ilikuwa imeanzishwa Eibar mwaka 1981. Bustani ya teknolojia ya Zamudio ikaanzishwa mwaka 1985. Sayansi ya msingi ilingoja zaidi: shirika la Ikerbasque, la kuvuta watafiti kutoka popote duniani, liliundwa mwaka 2007. Sasa nchi hiyo ndogo hutumia zaidi ya asilimia 2 ya pato lake kwa utafiti, juu ya wastani wa Hispania.

Nao vijana wahandisi walioanzisha mwaka 1972 kikundi cha kuandika sayansi kwa Kibaski walikiita Elhuyar, kwa jina la ndugu wale wa Bergara. Msomaji wa Kiswahili anayejua malumbano yetu kuhusu lugha ya kufundishia ataelewa ujasiri uliohitajika, maana Franco alikuwa bado hai.

Nisiifanye Arrasate kuwa peponi. Mwaka 2013 kiwanda cha ushirika kilichotokana na yale majiko, Fagor, kilifilisika baada ya kujitanua kwa mikopo na kukutwa na mdororo wa ujenzi. Wanachama wengi walihamishiwa vyama vingine vya ushirika. Vibarua wasio wanachama hawakuwa na kinga hiyo, na kwa maoni yangu hapo ushirika ulionyesha mipaka yake. Wageni wanaokwenda huko bado huuliza kuhusu kura za wafanyakazi na tofauti ya mishahara. Wachache huomba kuonyeshwa ile shule, ambayo sasa ni kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Mondragon.