Wakala wa Nishati Vijijini na Uhaba wa Nishati katika Bara ya Bagamoyo

Miongoni mwa vyombo vilivyoundwa na Serikali ya Tanzania kwa ajili ya kukabili uhaba wa nishati, Wakala wa Nishati Vijijini, ujulikanao zaidi kwa herufi zake za Kiingereza REA, una mahali pa pekee. Vyombo vilivyoutangulia viliundwa kwanza kwa haja za miji, viwanda na mashamba makubwa, ilhali huu ulipewa kwa sheria kazi ya kuwaangalia watu wa vijijini peke yao. Lakini habari zake hazieleweki sawasawa kwa kuisoma sheria tu, wala kwa kuzitazama kutoka Dar es Salaam. Yafaa zitazamwe pia kutoka mahali kama Miono, kata iliyoko kaskazini ya mto Wami, baina ya barabara kuu ya Chalinze na Segera na pwani ya Saadani, katika nchi ya Wazigua, Wadoe na Wakwere. Kwa miaka mingi Miono ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bagamoyo pasipo mgawanyiko, na baadaye ikawekwa chini ya Halmashauri ya Chalinze. Huko neno uhaba lilikuwa na maana nyingine kabisa, na tofauti hiyo ya maana ndiyo iliyoamua chombo hiki kingefanya nini na kingeacha nini.

Kabla ya Wakala

Umeme wa kwanza katika Tanganyika uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, zamani za utawala wa Wajerumani, kwa kazi za karakana za reli na kwa mitaa waliyokaa Wazungu. Waingereza walipoishika nchi waliunda Idara ya Umeme ya Serikali mwaka 1920, na mwaka 1931 kazi hiyo wakaitia mikononi mwa kampuni mbili za watu binafsi. Moja ilikuwa DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam na miji ya Reli ya Kati. Ya pili ilikuwa TANESCO, iliyotumia maporomoko ya mto Pangani kuhudumia Tanga na mashamba yake ya mkonge. Serikali huru ilizinunua hisa mwaka 1964, na tangu mwaka 1968 jina kamili la kampuni likataja Tanzania badala ya Tanganyika. Herufi za ufupisho hazikubadilika, maana majina yote mawili huanza kwa silabi moja. Na kwa muda mrefu hata desturi ya kazi haikubadilika sana, yaani umeme ulifuata mahali palipokuwa na mnunuzi.

Jambo hili lilionekana wazi katika bara ya Bagamoyo. Kituo cha Hale kwenye mto Pangani kilianza kazi katikati ya miaka ya 1960, na njia kuu ya umeme ikapitishwa kutoka huko kuelekea Chalinze na Dar es Salaam. Watu waliolima chini ya nguzo zake waliuona umeme ukipita juu ya vichwa vyao. Haukuwafaa kitu, kwa sababu umeme wa volti 132,000 hauwezi kuingizwa katika nyumba pasipo kituo cha kuupoza na njia ndogo za kuusambaza, na hivyo vilijengwa kwanza penye mji au kiwanda. Kwa mwanakijiji nishati ilikuwa ni kuni za kupikia, mafuta ya taa ya koroboi, na dizeli ya mashine ya kusaga kwa yule aliyekuwa nayo karibu.

Serikali haikukaa bure katika miaka hiyo. Iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, mwaka 1969, na mwaka 1975 ikaunda RUBADA, mamlaka ya kuliendeleza bonde la mto Rufiji, iliyotazamiwa hasa kujenga bwawa kubwa la umeme. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 kabla bwawa lenyewe halijajengwa. Katika vyombo vyote hivi hapana hata kimoja kilichopewa mwanakijiji kuwa kazi yake ya kwanza.

Sheria ya mwaka 2005

Wazo la chombo cha peke yake kwa vijiji lilikua kutokana na mabadiliko ya uchumi. Sera ya kwanza ya Taifa ya Nishati ilitolewa mwaka 1992, wakati Jakaya Kikwete alipokuwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini. Na huyu baadaye, tangu mwaka 1995 hata 2005, alikuwa Mbunge wa Chalinze, jimbo lenye Miono ndani yake. Mwaka 1997 TANESCO iliwekwa katika orodha ya mashirika yatakayobinafsishwa, na mwaka 2002 uongozi wake ukakabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini kwa mkataba. Hapo swali likawa zito. Ikiwa shirika la umeme litaendeshwa kwa faida, nani atapeleka nyaya mahali ambapo nyumba zimetawanyika na watumiaji ni wachache, na gharama za nguzo haziwezi kurudi kwa miaka mingi?

Jibu lilitolewa na Sera ya Nishati ya mwaka 2003, kisha na Sheria ya Nishati Vijijini, Namba 8 ya mwaka 2005. Sheria hiyo iliunda vitu vitatu: Bodi, Mfuko na Wakala. Bodi iliongoza, Mfuko ulikusanya fedha, na Wakala ulitenda kazi. Wakala ulianza kazi kwa kweli mwezi wa Oktoba 2007, wakati vijijini palikuwa na watu kama wawili tu katika kila mia waliopata umeme.

Namna Mfuko ulivyopata fedha yastahili kuangaliwa, kwa kuwa ndiyo nguvu ya chombo chote. Mtumiaji wa umeme alitozwa asilimia 3 ya thamani ya umeme alionunua. Na mtu wa Dar es Salaam aliyenunua umeme wa LUKU aliiona tozo hiyo katika risiti yake, imeandikwa REA, kando ya asilimia 1 ya EWURA. Baadaye mafuta ya magari na mafuta ya taa nayo yakawekewa tozo. Basi mjini palichangia kijijini, na jambo hilo lilikuwa jipya. Lakini koroboi ya Miono nayo ilikuwa ikichangia, kwa kila lita ya mafuta ya taa iliyonunuliwa dukani.

Uhaba wa mwaka 2006

Baina ya kupitishwa kwa sheria na kuanza kwa kazi palitokea ukame mkali wa miaka ya 2005 na 2006. Maji ya Mtera na ya mabwawa mengine yalipungua, na kwa kuwa nchi ilitegemea sana umeme wa maji, mgao wa umeme ukaingia mijini. Serikali ilitafuta mitambo ya dharura, na mkataba wa Richmond uliotokana na haraka hiyo ulichunguzwa na Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe. Mwezi wa Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili, na Baraza la Mawaziri likavunjwa.

Mwezi wa Januari wa mwaka ule ule wa 2006 Serikali ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa. Amri hiyo ilidumu kiasi cha majuma mawili tu. Bei ya mkaa ilipanda kwa ghafula, na wapishi wa Dar es Salaam hawakuwa na kitu kingine cha kuwekwa mahali pake, amri ikaondolewa. Hapakuwa na kamati teule, wala waziri aliyejiuzulu, wala sheria mpya ya nishati iliyotokana na jambo hilo. Hata hivyo mkaa haukuwa kitu kidogo. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizotumia mkaa katika Dar es Salaam zilitoka asilimia 47 mwaka 2001 hata asilimia 71 mwaka 2007, na kwamba nchi nzima ilitumia kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka, karibu nusu yake ikiishia katika jiji hilo moja.

Sehemu ya mzigo huo ilitoka katika misitu ya pwani na bara ya Bagamoyo. Tanuri la udongo hula kuni nyingi: tani moja ya mkaa huweza kumaliza tani tano hata kumi za miti. Mchomaji wa mkaa wa nchi hiyo aghalabu alikuwa mkulima ambaye mvua ilimpita, naye alipata fedha ya daftari za watoto kwa kuuza magunia kando ya barabara. Kwa hiyo bara ya Bagamoyo ilikuwa ikilipatia jiji nishati, na yenyewe ikahesabiwa kuwa haina nishati.

Maneno na mipaka ya kazi

Hapa lugha yaonyesha jambo ambalo hesabu peke yake haziwezi kulionyesha. Neno nishati asili yake ni Kiarabu, nalo katika lugha hiyo lina maana ya uchangamfu na bidii. Katika Kiswahili cha Serikali limefanywa kuwa jina la nguvu zote zitumikazo, ziwe za umeme, za mafuta, za jua au za kuni. Lakini sheria na taratibu za Wakala zilizungumza hasa juu ya nishati bora, na sifa hiyo moja iliziacha nje kuni za mafiga matatu. Mkaa nao ulikuwa na jina jingine katika ofisi nyingine: katika leseni na vizuizi vya barabarani uliitwa zao la misitu. Mwaka 2010 ulipoundwa Wakala wa Huduma za Misitu, mkaa ulibaki chini ya ulinzi wake pamoja na mbao na magogo. Hivyo kitu kile kile kilikuwa nishati jikoni na zao la misitu njiani, na ofisi iliyoitwa ya nishati haikuwa na amri juu ya moto uliopikia wengi.

Neno wakala pia lafaa kupimwa. Ni la jamaa moja na wakili, na maana yake ya kale ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine. Katika hili latofautiana na mamlaka, ambayo huamuru, na shirika, ambalo humiliki na kuuza. REA haikuuza umeme. Ilitafuta fedha, ikawapa wakandarasi kazi ya kusimamisha nguzo na kuvuta nyaya, kisha njia zilizokwisha kujengwa zikaingia mikononi mwa TANESCO. Ulikuwa wakala wa wanavijiji kwa sheria; kwa matendo ulikuwa pia mjenzi wa njia za shirika la umeme, na nguzo zilihesabika kwa urahisi kuliko mafiga.

Kufikiwa na kuunganishwa

Kazi ya nguzo ilifanywa kwa bidii, na haifai kuidharau. Chini ya miradi yake ada ya kuunganishiwa umeme kijijini iliteremshwa hata shilingi 27,000, na kwa nyumba ndogo kikaletwa kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kilichompunguzia mtu gharama ya kutandaza waya ukutani. Kufikia mwaka 2024 karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vilihesabiwa kuwa vimefikiwa na umeme, na kazi ikageukia vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000.

Lakini kufikiwa si kuunganishwa. Kijiji kilisemwa kuwa kimefikiwa nyaya zilipofika humo, hata kama zilisimama penye zahanati, shule na maduka ya barabarani. Uchunguzi wa mwaka 2019/20 ulieleza kwamba asilimia 69.8 ya watu wa vijijini walikuwa wamefikiwa na umeme, lakini nyumba zilizounganishwa zilikuwa asilimia 24.5 tu. Na jikoni mambo hayakubadilika sana: nchini kote asilimia 63.5 ya nyumba zilipikia kuni na asilimia 26.2 mkaa. Balozi wa nyumba kumi aliyewasha taa ya umeme sebuleni aliweza kuwa bado na mafiga uani.

Hali hiyo ndiyo iliyosababisha Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Mei 2024, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ya kupikia kufikia mwaka 2034. Wakala uliingizwa katika kazi hiyo, ukaanza kusimamia uuzaji wa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku vijijini. Katika wakati huo huo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kupeleka umeme wake Chalinze, katika halmashauri ile ile yenye Miono.

Yaliyo muhimu katika habari hizi ni kwamba chombo kilichoundwa mwaka 2005 kilijibu vema swali kililoulizwa. Swali lenyewe liliulizwa na watu ambao kwao uhaba ni taa kuzimika. Kwa mama wa Miono uhaba ulikuwa ni msitu kusogea mbali na nyumba mwaka baada ya mwaka, na huo hauzimiki ghafula hata Bunge likaitwa. Ikapita karibu miaka 20 tangu sheria ipite hata jiko likapata mkakati wake, na mtungi wa kwanza, hata wenye ruzuku, lazima ujazwe tena kwa fedha taslimu, ilhali kuni huokotwa. Chombo chochote cha kusimamia uhaba wa nishati chapasa kuanza kwa kuhesabu kile watu wanachokiwasha kwa kweli, na kukiita kwa jina lake katika ofisi zote.