Machakos, mji uliorukwa na reli mara mbili, na Konza inavyotuhusu sisi wa pwani

Watu wengi wa pwani wanalijua jina la Machakos kwa ile stendi ya mabasi ya Nairobi, Machakos Country Bus, ambayo haiko Machakos kabisa. Mji wenyewe hawajaufika. Mimi nami sikuwa nimeufika hadi nilipokwenda kwa shughuli ya mpwa wangu, nitakayoieleza mbele. Nilirudi na mambo ambayo naona yafaa kuandikwa hapa, maana yatuhusu kuliko tunavyodhani.

Nilipanda ile treni isimamayo vituo vyote, nikateremka Athi River, nikamalizia kwa matatu. Mtu wa Mombasa angedhani treni itamfikisha Machakos mjini. Haifiki. Reli ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na kati ya Mombasa na Nairobi ina vituo vya Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mji ulio makao ya kaunti umeachwa kule kwenye milima yake. Na hii ni mara ya pili.

Mara ya kwanza ndiyo iliyouvunja. Kabla Nairobi haijakuwa mji, Machakos ndiyo iliyokuwa boma kubwa la Waingereza huko bara. Misafara ya Mombasa kwenda Uganda ilipita Ukambani, na Wakamba wenyewe walikuwa wachuuzi hodari walioteremsha pembe za ndovu hadi pwani, kwa hivyo wazee wetu na wazee wao walijuana kabla ya Mzungu kuwajua wote wawili. Jina la mji latokana na Masaku, mzee maarufu wa Kikamba, likaharibiwa na ndimi za wageni. John Ainsworth alifika hapo mwaka 1892 kuwa mtawala.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Wahandisi walipofika Ukambani wakaikwepa milima, wakapitisha chuma kwenye uwanda wa Kapiti na Athi. Mwaka 1899 reli ikafika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi, na mwaka huohuo Ainsworth akahamisha ofisi zake kutoka Machakos. Hapakupiganwa vita. Ni mstari tu uliochorwa kwenye karatasi na mtu aliyetaka mteremko mwepesi kwa injini, na mji mkuu ukawa kwingine. Wakamba husimulia kwamba Syokimau, mwaguzi wao wa kike, aliwatabiria nyoka mrefu atemaye moto na moshi. Leo Syokimau ni jina la mahali kilipo kituo cha SGR cha Nairobi, mpakani mwa Nairobi na Machakos.

Sasa Konza. Kwa asili ni kituo cha reli ya kikoloni, hapo inapochepuka njia ya kwenda Magadi. Siku hizi jina hilo limebebwa na jiji la teknolojia linalojengwa kando ya barabara ya Mombasa, zaidi ya kilomita 60 kutoka Nairobi, pale Machakos, Makueni na Kajiado zinapokaribiana (na mipaka yenyewe ina maneno, lakini hayo tuwaachie wenyewe). Mradi ulitangazwa mwaka 2008 chini ya Ruwaza ya 2030. Mamlaka ya kuusimamia iliundwa mwaka 2012, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaweka jiwe la msingi. Eneo ni ekari 5,000, na awamu ya kwanza ni ekari 400.

Sote tuliosafiri kwa basi tunakumbuka yaliyofuata: ua mrefu, nyasi, upepo. Miaka ikapita hivyo. Majumba yalipoanza kuinuka ndipo ikaonekana kwamba kuna kitu, barabara za lami, taa, kituo cha kuhifadhia data cha serikali. Lakini waliokuwa jirani na ua huo walishaonja mradi kabla ya jengo la kwanza. Serikali iliweka ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka mji, ili pasizuke vibanda vya ovyo, na ndani ya ukanda huo mwenye shamba hakuweza kujenga au kugawa ardhi yake apendavyo. Nia yaweza kuwa njema. Ila mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa maana ya kuwa na ardhi ambayo ramani ya mtu mwingine imekwisha kuipangia kazi.

Na sisi twaingiaje? Twaingia kupitia bahari. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na nzito. Mwaka huo ikaja nyaya za baharini, na zote zikapandia Mombasa. TEAMS ilitoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, takribani kilomita 5,000, karibu na njia ileile ya majahazi ya kaskazi. SEACOM ikafika mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Kutoka kwetu huduma ikapanda bara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika upande wa Afrika Kusini, mtandao ulilegea Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kwa pamoja, na ndipo wengine wakatambua kwamba hilo wingu wanalolisikia limelala chini ya maji.

Basi mlango ni wetu, na ghala liko kwao. Twalijua jambo hili kwa makontena. Amri ilipotolewa mwaka 2019 kwamba mizigo ya bara ipande SGR moja kwa moja hadi bandari ya nchi kavu ya Nairobi, madereva, mafundi, mama ntilie na wenye maghala wa Mombasa ndio walioumia, wakaandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaamua kuwa amri hiyo ilikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Kontena lina kelele, mtu huliona likipita. Data haina kelele. Ikipita Mombasa haimwachi kuli na shilingi mkononi, na hakuna atakayeandamana kwa ajili yake.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa Novemba 2019. Ilipitishwa wakati serikali imekwisha kusajili mamilioni ya watu kwa Huduma Namba. Waliokwenda mahakamani mapema walikuwamo Wanubi, kupitia Nubian Rights Forum, kwa sababu walijua kwamba mfumo mpya ukijengwa juu ya vitambulisho vya zamani, aliyenyimwa kitambulisho atanyimwa kila kitu. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia ukusanyaji wa vinasaba na wa alama za mahali mtu anapoishi, na ikataka kwanza ziwekwe kanuni madhubuti. Oktoba 2021 utoaji wa kadi zenyewe nao ukakwama mahakamani. Hoja ya Wanubi ni hoja yetu. Wamakonde wa Kwale walikaa miongo bila uraia hadi mwaka 2016, na Wapemba wa Kenya hawakutambuliwa mpaka 2023. Mtu asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, na asiye na laini hana M-Pesa.

Hapo ndipo nirudi kwa mpwa wangu. Yuko kisiwa cha Pate, amemaliza kidato cha nne, akafaulu. Mamake hana uwezo wa kumpangia chumba Nairobi. Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake ya kuanzishwa, na makao yake ni hapo Konza. Masomo ni ya mtandaoni: sayansi ya data, usalama wa mtandao, uchumi na takwimu, biashara na mengineyo. Msichana akapendezwa na sayansi ya data. Dadangu hakuamini. Ametapeliwa kwa simu zaidi ya mara moja. Akanambia, "Kaka, chuo kisicho na darasa ni chuo gani? Nenda ukakione kwa macho yako."

Ndiyo safari yangu hiyo. Kutoka Machakos mjini nilirudi Kyumvi, nikashika barabara kuu. Mlinzi aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia natafuta wanafunzi. Akacheka, akasema, "Mzee, wanafunzi hawako hapa. Wako makwao." Nilipiga picha mbili tatu za jengo, nikamtumia dadangu, akaridhika.

Chuo hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kitambulisho. Msichana aliyezaliwa Pate, wa baba na mama wa Pate, aliambiwa na ofisi moja alete cheti cha babu, kisha wazee wa kumtambua, kisha arudi mwezi ujao. Miezi kumi na minne. Wenzake wa darasa moja waliokwenda kwa jamaa zao bara walipata vyao kwa wiki chache. Nyaya zilivuka bahari kutoka Fujairah kwa muda mfupi kuliko karatasi ile ilivyovuka kutoka Lamu hadi Pate.

Sasa anasoma. Nyumbani simu haishiki vizuri, kwa hivyo jioni hupanda juu ya dari ya nyumba ya nyanyake, na bando humalizika kabla ya mwezi kwisha. Juzi alinitumia sauti akiuliza, "Mjomba, hapo Konza pana nini haswa?" Nikamwambia kuna majumba mapya, upepo mwingi, na mlinzi anayejua yeye yuko wapi.