Nani Amlee Mtoto: Bweni la Lushoto au Jiko la Mama?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii.)

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, nimepokea barua ya mama mmoja wa Dar es Salaam. Yeye na mumewe ni Wakristo, na wana watoto wawili: wa kiume wa miaka 8 na wa kike wa miaka 6. Mawifi na shemeji zake wanamshikia bango awapeleke wote wawili shule ya bweni Lushoto, eti huko kuna baridi, nidhamu na dini. Yeye anataka kinyume chake kabisa. Anataka awatoe shuleni awafundishe mwenyewe nyumbani, kama wanavyofanya baadhi ya Wakristo wa Marekani. Basi ananiuliza mimi mtu wa Usambara: wazee wetu walifanyaje?

Swali hili limefika mahali pake. Kwa zaidi ya miaka 100 milima ya Usambara imekuwa ikilea watoto wa watu wengine, na kila aliyewaleta alikuwa na sababu yake. Nyingine zilikuwa za huruma, nyingine za fahari tu.

Nianze mbali kidogo. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa "Habari za Wakilindi", ameeleza jinsi Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Wasambaa, alivyokuwa kigego. Yaani aliota meno ya juu kwanza. Huko kwao Nguu mtoto wa namna hiyo hakuachwa hai, maana ilisadikiwa kwamba ataumaliza ukoo. Wazazi wake wakakataa kumtoa. Walimficha kifuani mwao, wakamlea, na walipokufa ndugu wakamnyima urithi na kumfukuza. Ndipo akaja milimani na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, mwishowe wakamtawaza Vugha. Ukoo wake ukatawala tangu karne ya 18 hadi utawala wa machifu ulipofutwa baada ya Uhuru. Mimi katika habari hiyo siwatazami sana nguruwe. Nawatazama baba na mama waliosema mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto huyu ni wetu.

Hata hivyo, tusidanganyane. Nyumba ya Msambaa haikuwa nyumba ya baba, mama na mlango uliofungwa. Mtoto alifundishwa kulima na mama yake, kuchunga mbuzi na kaka zake, kusema na wakubwa na mjomba wake. Ngano alizipata kwa bibi, na mambo ya utu uzima katika jando au unyago, ambako wazazi wenyewe hawakuruhusiwa hata kuchungulia. Mtoto mmoja alikuwa na walimu kumi, na hakuna hata mmoja aliyelipwa mshahara. Anayesema kwamba zamani watoto walisomea nyumbani asema kweli, mradi akumbuke kwamba nyumbani maana yake ilikuwa kijiji kizima.

Nyumba hizo zilibomolewa kabla shule hazijafika. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu wake waligombea nchi kwa bunduki, na bunduki zililipiwa kwa watu. Wasambaa waliuzwa Pangani na ndugu zao wenyewe. Miaka ile mzazi aliyelala na watoto wake wote usiku mmoja alimshukuru Mungu asubuhi.

Mwaka 1891 wakafika Mlalo wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Johanssen na Wohlrab. Wakapanda mahindi, wakajifunza Kisambaa, wakafungua shule. Mwaka 1896 yakajengwa makao Lutindi, mlimani juu ya Korogwe, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Hapa naomba tutulie kidogo. Lutindi ni miongoni mwa mabweni ya mwanzo kabisa katika milima yetu, na watoto waliolala humo hawakuwa na mama wa kurudi kwake likizo. Wengine hawakujua hata jina la kijiji walikotekwa. Baadaye, enzi za Waingereza, masista Wakatoliki wa Kifungilo wakalea yatima na watoto chotara, wale ambao baba Mzungu hakuwataka na ukoo wa mama uliwaonea haya. Ndilo lililokuwa bweni Usambara: dawa ya mtoto asiye na nyumba.

Kwa mtoto mwenye nyumba misheni ilifanya vingine. Ilimjengea kishule cha miti na udongo karibu na kwao, akafundishwa asubuhi kwa lugha ya mama yake, mchana akarudi kupalilia. Agano Jipya la Kisambaa lilichapishwa mwaka 1908. Karl Roehl, aliyeandika sarufi ya lugha hiyo, ndiye yule yule aliyetafsiri baadaye Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937. Walutheri wa miaka ile waliamini kwamba neno lisiloeleweka jikoni halijafika. Na Vita vya Kwanza vilipokuja, Wajerumani wakaondolewa, vishule vile na makanisa vikabaki mikononi mwa walimu Waafrika na wazee wa usharika. Havikufa.

Kuna jambo moja ambalo Walutheri wengi wenzangu wamelisahau. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, haikuandikwa kwa ajili ya darasa. Juu ya sehemu zake imeandikwa kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba atakavyowafundisha watu wa nyumbani mwake. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa, na sisi tulizisoma zile Amri Kumi usiku tukipukuchua maharage. Mama hakujua kusoma, lakini aliijua katekisimu yote kwa moyo, na ukiruka neno alikurudisha nyuma bila kuinua macho kwenye ungo. Baba alishika kitabu. Mama hakukihitaji.

Tumekuja kuiachaje kazi hiyo? Kidogo kidogo. Kwanza tulimwachia mwalimu wa kipaimara, kisha mwalimu wa shule, mwishowe matroni wa bweni. Hatukunyang'anywa. Tulikabidhi wenyewe, tena kwa risiti.

Nami naona tuliiga. Walowezi wa Kizungu wa Tanganyika walikuwa na njia mbili hizi hizi ambazo mama wa Dar es Salaam anaziwaza. Mtoto wa mlowezi wa shamba la mbali alifundishwa na mama yake barazani, kwa masomo yaliyokuja kwa posta. Akikua kidogo alipelekwa bweni, na palikuwepo la watoto wa Kizungu hapo hapo Lushoto, penye baridi inayofanana na ya kwao. Shule zilitengwa kwa rangi, na utengano huo haukufutwa hadi mwaka 1962. Waafrika waliofua mashuka ya bweni lile waliona kwamba watoto wa wakubwa hulala mbali na wazazi wao. Si ajabu sisi tulipopata nafasi tukadhani huo ndio ukubwa wenyewe. Dawa ya yatima ikageuka tuzo ya mwenye fedha!

Serikali nayo ikaingia. Kwa sheria ya 1969 shule za makanisa zikachukuliwa, na wapo wazee wa usharika waliolia. Mimi siwalaumu, lakini naijua pia hasara ya kabla yake: Usambara ina Waislamu wengi sana, na mtoto wa Kiislamu katika shule ya misheni alikuwa mgeni katika nchi ya babu yake. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ikatimizwa 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikatamka kwamba mtoto aliyefikisha miaka 7 lazima aandikishwe shule, na mzazi asiyefanya hivyo ana kosa. Mama, hilo ulijue kabla hujafunga madaftari ya wanao kabatini.

Wala sitaki uniweke upande wa wanaolaani mabweni yote. Mwaka 1989 Padre Damian Milliken, Mbenediktini kutoka Marekani, alianzisha sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Mazinde Juu. Kabla ya hapo msichana wa milimani aliyemaliza darasa la saba alikuwa na njia mbili, kuolewa au kushuka mjini kuwa yaya. Nimewaona mama zao wakiteremka Soni na mizigo ya kabeji na matunda damu kichwani, kutafuta ada. Wale hawakumkimbia mtoto. Walimnunulia muda wa kusoma ambao nyumbani, penye kuni, maji na wadogo wa kubeba, asingeupata. Lakini huyo ni msichana wa miaka 14 au 15 anayejua anachokifuata. Hafanani na kitoto cha miaka 6 kinachoota usiku na kumwita mama, akaja mlinzi.

Mwezi Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wenye shule walinung'unika, na baadhi ya wazazi walinung'unika kuliko wao. Nilimsikia mmoja akiuliza sasa watoto atawaweka wapi. Aliuliza hivyo hivyo, bila aibu, kana kwamba anazungumzia magunia ya saruji.

Sasa nimjibu mama wa barua. Dada yangu, wazee wetu walifundishia nyumbani, lakini hawakufundisha peke yao. Wewe umesema unaishi ghorofa ya tatu, na unafanya biashara Kariakoo hadi saa 12 jioni. Mjomba yuko Mwanza, bibi yuko kijijini. Ukiwatoa shuleni, hesabu atawafundisha nani saa 4 asubuhi? Msichana wa kazi? Waache waende shule ya kutwa, warudi nyumbani, na jioni mwalimu awe wewe. Sala, lugha ya bibi, kazi za mikono na majina ya mababu, hayo hayamo katika mtihani wowote wa taifa. Mume naye azime televisheni, apukuchue maharage.

Likizo ya Desemba mlete bibi yao kutoka kijijini akae mwezi mzima. Na mawifi wakirudi na habari ya bweni, mwambie mumeo awasomee waraka ule wa 2023, asome polepole, maana mtoto wa darasa la pili ana miaka mitatu kamili kabla hajafika darasa la tano.